Trekta ndogo za zamani za kukata nyasi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, Nakuru hadi Kisumu

Ukurasa huu unahusu trekta ndogo za kukalia, za nguvu farasi 8 hadi 20, zilizotengenezwa kati ya miaka ya 1960 na 1990: John Deere 110, 140 na 318, Cub Cadet, Wheel Horse na ndugu zao wenye injini za Briggs & Stratton. Nyingi ziko mashuleni, kwenye viwanja vya gofu, makanisani na mashamba ya maua. Massey Ferguson inayovuta slasha ni habari nyingine. Pasipotajwa injini, vipimo vilivyoandikwa hapa ni vya Kohler ya silinda moja, K241 hadi K341, kwa kuwa ndiyo injini inayopatikana kwenye trekta nyingi za aina hii.

Nikizungusha ufunguo, kimya. Nianzie wapi?

Anzia betri, fuata waya, halafu swichi za usalama. Staata iwe ya mwisho kabisa. Wengi huanza na staata kwa sababu ndiyo wanayoiona, wakainunua, na trekta ikabaki kimya vilevile.

Weka mita kwenye betri injini ikiwa imezimwa. Volti 12.6 maana yake imejaa. Ikisoma 12.0 au chini, ichaji kwanza, usiendelee. Kisha mtu azungushe ufunguo huku wewe ukiangalia mita. Ikianguka chini ya 9.5, betri imechoka, hata kama ilikuwa inasoma 12.6 dakika moja iliyopita. Ikibaki pale pale kwenye 12, umeme hautoki: staata haijaguswa kabisa.

Hapo kagua swichi tatu: ya pedali ya breki au klachi, ya mtambo wa visu, na ya kiti. Kanyaga pedali hadi mwisho, zima visu, kaa vizuri kwenye kiti, jaribu tena. Zote zikiwa sawa na solenoidi (swichi inayopeleka umeme kwenye staata) inasema "tak" bila staata kuzunguka, shida mara nyingi iko kwenye waya mnene. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mtu azungushe ufunguo. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea kwenye kutu kati ya waya na bodi. Fungua bolti inayoshika waya huo, sugua kwa msasa hadi chuma king'ae, rudisha na upake grisi juu. Rudia hivyo upande wa chanya, kutoka betri hadi kwenye bolti ya staata.

Trekta iliyotoka Uingereza au kaskazini mwa Marekani ichunguzwe zaidi hapo. Kule barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hiyo hula ncha za waya ndani ya plastiki, mahali usipopaona. Waya ukiupinda na kusikia ukikwaruza kama mchanga, ukate na uweke mpya.

Naweza kuunganisha moja kwa moja swichi ya kiti ili isinisumbue?

Usifanye. Mwendeshaji akianguka, swichi hiyo ndiyo inayosimamisha visu. Spea ni rahisi, na swichi ya aina yoyote yenye idadi ile ile ya pini na inayofanya kazi kwa mtindo ule ule itafaa. Pima kwa mita kwanza: nyingine hufunga njia ya umeme zikibonyezwa, nyingine huifungua.

Staata inazungusha injini vizuri lakini haiwaki.

Toa plagi uitazame. Ikiwa kavu, petroli haifiki. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, ama hakuna moto au imezidiwa. Hatua hiyo ya nusu dakika inakuambia nusu ya kazi iko upande gani.

Kwa moto: funga plagi kwenye waya wake, iegemeze kwenye chuma cha injini mbali na tundu la silinda, mtu azungushe ufunguo. Unataka cheche ya samawati inayosikika. Cheche nyekundu hafifu haiwezi kuwasha injini iliyobana. Ikikosekana kabisa, kwenye Kohler pima kama koili (inayokuza umeme wa plagi) inapata volti 12 ufunguo ukiwa umewashwa. Koili ikipata umeme bila kutoa moto, fungua kifuniko kidogo kilicho ubavuni mwa injini, chini yake kuna pointi, vyuma viwili vidogo vinavyounga na kukata umeme wa koili. Mara nyingi zimeungua nyuso au zimelowa oili iliyopenya kando ya kijiti kinachozisukuma. Zisugue kwa msasa laini sana, kisha pitisha kipande cha karatasi safi katikati mpaka itoke bila doa. Zungusha injini kwa mkono hadi zifunguke kabisa, pima nafasi kwa fila geji: milimita 0.5. Pointi zikiungua tena baada ya wiki chache, badilisha kondensa, kikopo kidogo kinachopunguza cheche kwenye pointi. Kondensa mbovu ndiyo inayoziunguza.

Koili ya Kohler ikifa, ile ya gari ya zamani ya volti 12 inaweza kufanya kazi, mradi iwe ile isiyohitaji kizuizi cha nje. Ipime: upande wake mdogo usome karibu omu 3. Ukifunga ya omu 1.5 bila kizuizi, itachemka na kuziunguza pointi, na utalaumu pointi.

Briggs za tangu miaka ya 1980 hazina pointi. Zina koili ya kielektroniki inayokaa karibu na flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini. Nafasi kati yao ni milimita 0.25 hadi 0.36. Legeza bolti mbili, weka kadi nyembamba ya biashara katikati, acha sumaku ivute koili, kaza, toa kadi. Kabla ya kuinunua nyingine, chomoa kwanza ule waya mwembamba unaozima injini. Moto ukirudi, koili ni nzima, na waya huo umechubuka mahali na kugusa bodi. Panya wa stoo za shule hupenda sana waya huo.

Kwa petroli: chomoa hozi kwenye kabureta, iweke ndani ya chupa, fungua tanki. Ikidondoka kwa kusitasita, badilisha filta ya njiani na uangalie kichujio kilicho ndani ya tanki. Ikimwagika vizuri, tatizo liko kwenye kabureta.

Kabureta nimeiosha na bado inasumbua.

Uwezekano ni kwamba umeosha kikombe tu. Uchafu unaosumbua umejificha kwenye vijitundu vya mwendo wa polepole, ambavyo ni vyembamba kama uzi wa nailoni. Toa sindano zote mbili za kurekebisha, toa boya na sindano yake, loweka mwili wa chuma kwenye dawa ya kabureta usiku kucha (mipira itolewe yote kwanza), kisha puliza kwa kompresa kila tundu hadi uhisi hewa ikitokea upande wa pili. Usichokoe kwa waya wa chuma. Tundu likipanuka kidogo tu, kabureta haitarekebishika tena. Uzi mmoja wa shaba kutoka ndani ya waya wa spika ni laini wa kutosha, ukiusukuma bila nguvu.

Tikisa boya karibu na sikio. Likisikika maji ndani, limetoboka na litazama. Kabureta itafurika na petroli itashuka hadi kwenye oili. Kwa hiyo, kila unapoikuta kabureta inavuja, chomoa kijiti cha oili na ukinuse. Kiwango kikiwa kimepanda na kinanuka petroli, usiiwashe. Mwaga oili yote, rekebisha kabureta, weka mpya. Oili iliyochanganyika na petroli hukatisha konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) ya aluminiamu ndani ya dakika chache.

Ukiirudisha, funga sindano zote mbili polepole mpaka ziguse, usizikaze, kisha fungua kila moja mizunguko miwili na nusu. Hapo injini itawaka. Ikishapata moto, rekebisha ile kubwa ikiwa inakimbia kwa kasi yote: ifunge hadi ianze kukwama, kumbuka pale, ifungue hadi ianze kunguruma kwa uzito, halafu iache katikati.

Inawaka, inakata nyasi robo saa, inazimika. Ikipumzika inawaka tena.

Siku itakapozimika tena, kabla hujagusa kitu, legeza kifuniko cha tanki. Ukisikia hewa ikivutwa na injini ikawaka papo hapo, tundu la kifuniko limeziba kwa vumbi. Lioshe. Sababu hii hupelekea kabureta nyingi nzima kufunguliwa bure.

Kifuniko kikiwa sawa, pima moto pale pale injini ikiwa bado ya moto. Koili inayopasuka ndani hufanya kazi ikiwa baridi na hufa ikichemka. Ukingoja ipoe ndipo upime, itakudanganya. Pia toa mabati ya juu ya injini na uangalie mapezi ya kupozea hewa. Kwenye John Deere 318, ambayo injini yake ya Onan imefungiwa ndani ya boneti, nyasi kavu na vumbi hujaa chini ya bati mahali ambapo hakuna kidole kinachofika, na joto la Kisumu haliipi msaada wowote. Mabati yatolewe na mapezi yasafishwe walau mara moja kwa mwaka, hata kama kwa juu panaonekana safi. Nyigu wa udongo nao hujenga humo, na kwenye ekzosi.

Nimeihamisha kutoka Kisumu hadi Nakuru na sasa inatoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Imeharibika?

Hapana, ni hewa. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru karibu 1,850, Eldoret juu zaidi. Injini isiyo na taabo hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo ile ya farasi 12 ikiwa Nakuru inafanya kazi ya farasi 9 na nusu hivi. Hilo halina tiba. Lakini moshi mweusi una tiba: kabureta inamwaga petroli ya hewa nzito mahali penye hewa nyepesi. Funga sindano kubwa kwa moja ya nane ya mzunguko, jaribu, ongeza kidogo ikihitajika, na safisha plagi. Inapaswa kuwa na rangi ya kahawia kama mchanga.

Ukiirudisha Kisumu, ifungue tena. Hili ndilo linalosahaulika, na ndilo la hatari: injini yenye petroli kidogo huenda vizuri huku ikijichoma valvu polepole, bila kutoa moshi wowote wa kukuonya. Kabureta mpya zisizo na sindano ya kurekebisha huhitaji jeti ndogo zaidi kwa maeneo ya juu.

Moshi wa samawati je?

Ni oili inayoungua. Angalia kwanza kama umejaza kupita alama, au kama uliilaza trekta ubavu kunoa visu. Kisha safisha kipumulio cha injini, kile kiboksi kidogo kilicho kwenye sehemu ya valvu: kikiziba, shinikizo husukuma oili hadi kwenye silinda. Kama yote hayo ni sawa, ni ringi au silinda iliyolika.

Usiamini geji ya kompreshoni kwa Kohler K. Kamshafti yake ina kifaa kinachoachilia mgandamizo wakati wa kuwasha, kwa hiyo geji itasoma chini hata kwenye injini mpya. Njia sahihi ni kusukuma hewa ya kompresa ndani ya silinda kupitia tundu la plagi, pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zimefungwa, na kusikiliza inatokea wapi: kwenye ekzosi ni valvu ya kutoa, kwenye kabureta ni valvu ya kuingiza, kwenye tundu la oili ni ringi. Shika flaiwili kwa nguvu, hewa itataka kuizungusha.

Habari njema ni kwamba silinda ya Kohler ni chuma cha kalibu. Karakana yoyote inayochonga silinda za pikipiki na pampu inaweza kuichonga, na pistoni za kuzidi kwa inchi 0.010, 0.020 na 0.030 bado zinatengenezwa. Ukiwa umeifungua, pima valvu injini ikiwa baridi: ya kuingiza milimita 0.20 hadi 0.25, ya kutoa 0.43 hadi 0.51. Bolti za kichwa kaza kwa awamu, ukivuka kutoka upande hadi upande, hadi nyutoni-mita 34 hadi 41.

Oili gani, na kiasi gani?

SAE 30. Kohler hizi huchukua karibu lita 1.9. Mimina 1.7, ngoja, soma kijiti, ongeza. Badilisha kila baada ya saa 25 za kazi. Hazina filta ya oili, kwa hiyo uchafu wote unabaki humo humo unazunguka. Trekta iliyokuwa ikisukuma theluji huja na oili nyepesi ya 5W-30 kwa ajili ya baridi ya kule. Imwage kabla ya kazi ya kwanza hapa. Ukikosa SAE 30 dukani, 15W-40 safi ni bora kuliko SAE 30 nyeusi.

Injini ya 1970 haihitaji petroli yenye risasi?

Haihitaji. Kenya iliacha kuuza hiyo mwaka 2006, na Kohler hizi zina viti vigumu vya valvu ya kutoa. Kinachoziumiza ni petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Dondosha matone machache kwenye karatasi nyeupe: petroli safi hukauka yote ndani ya dakika chache, mafuta ya taa huacha doa la mafuta.

Filta ya hewa nibadilishe lini?

Vitabu husema kila saa 25 kusafisha, na 100 kubadilisha. Vilitungwa na watu wenye nyasi zilizolowa umande. Vumbi la Nakuru ni la udongo wa volkano, jepesi na kali kama unga wa msasa, na kuanzia Januari hadi mvua za Machi linaelea nyuma ya deki (bati linalofunika visu) kutwa nzima. Wakati huo fungua filta kila baada ya siku moja ya kazi. Sponji ya nje ioshwe kwa maji na sabuni, ikamuliwe bila kusokotwa, ikauke, ipakwe oili kidogo ya injini. Ile ya karatasi igonge taratibu kwenye ubao tambarare, na usiipulize kwa kompresa. Upepo huo hutoboa matundu usiyoyaona, na kuanzia hapo injini inakula mchanga ukidhani ina filta. Ukiishika kwenye jua na kuona nuru ikipenya kama nyota, itupe.

Nyasi zinabaki mistari, au zinachanika ncha na kugeuka kahawia.

Kuchanika ni visu butu. Kubaki mistari ni deki iliyoinama, kisu kilichopinda, au mkanda unaoteleza.

Chomoa waya wa plagi kabla ya kuweka mkono chini ya deki, hata ukiwa na haraka. Egesha trekta kwenye sakafu tambarare. Pima kutoka ncha ya kisu hadi sakafuni, kizungushe nusu mzunguko, pima ncha ya pili mahali pale pale. Tofauti ikizidi milimita 3, kisu kimepinda na hakinyooshwi. Fundi atakuambia anaweza kukipasha moto na kukinyoosha, au kuchomelea kipande kilichovunjika. Anaweza kweli. Ila ncha hiyo inakwenda zaidi ya kilomita 250 kwa saa, na chuma kilichopashwa moto kimeshapoteza ugumu wake. Kikikatika, kinatoka chini ya deki na kumfuata yeyote aliye uwanjani.

Kunoa: fuata pembe ya kiwandani, karibu nyuzi 30, upande wa juu tu. Kisha kitundike kwenye msumari ukutani kwa tundu lake la katikati. Upande unaoshuka ndio mzito; ondoa chuma kidogo nyuma ya makali mpaka kitulie sawa. Kisu kisicho na usawa humaliza beringi kwa msimu mmoja.

Kusawazisha deki: kulia na kushoto viwe sawa, na mbele ishuke kuliko nyuma kwa milimita 3 hadi 6. Visu vikiwa sambamba kabisa na ardhi hukata jani lile lile mara mbili na kuchosha injini bure. Nyasi za kikuyu zilizoachwa mwezi mzima wa Aprili usizikate kwa mpigo mmoja. Kata juu, rudi baada ya siku mbili au tatu ukate chini. Usiondoe zaidi ya theluthi ya urefu kwa siku moja.

Kisu kiligonga kichuguu na sasa injini inarusha moto nyuma na kupiga kelele ikiwashwa.

Ikiwa ni Briggs ya kusimama wima, ambayo shafti yake inatazama chini, ufunguo mdogo wa aluminiamu unaoshika flaiwili umekatika nusu, na moto unakuja wakati usiofaa. Umetengenezwa laini ili ukatike wenyewe badala ya kranki, shafti kuu ya injini. Toa flaiwili, weka mwingine wa aluminiamu hiyo hiyo. Msumari uliokatwa au kipande cha chuma cha jua kali kitashika vizuri sana, na kichuguu kijacho kitapinda kranki. Pande za Busia na Bungoma, tembea uwanja mzima kwa miguu kwanza na uweke vijiti penye vichuguu. Ni kazi ya dakika kumi.

Mkanda wa posho mili unaweza kutumika?

Kwa upana, ndiyo: mikanda mingi ya deki ni ya daraja la A, milimita 13, au B, milimita 17, na ndiyo iliyojaa kwenye maduka ya spea za vinu. Kwa kazi, inategemea. Mkanda wa kinu umeundwa kukaza muda wote. Mkanda wa trekta hutumika pia kama klachi, hulegezwa na kukazwa ukiwa unazunguka, ndiyo maana una kitambaa kigumu nje na nyuzi za aramidi ndani. Wa kinu utakusukumia wiki kadhaa ukisubiri wa kweli. Usiupake grisi wala sabuni ukipiga kelele. Angalia puli iliyojaa kutu na spring iliyolegea.

Beringi za visu hazipatikani Kisumu.

Zinapatikana, ila usiulizie kwa jina la trekta. Toa beringi, soma namba iliyochapwa pembeni: 6203, 6204 au 6205, ikiwa na 2RS ya mipira pande zote mbili. Hizo ni beringi za kawaida za pikipiki na mota za umeme. Namba ikiwa imefutika, pima tundu la ndani, upana wa nje na unene kwa milimita. 6203 kwa mfano ni 17, 40 na 12. Tundu likitoka na kipimo kisicho kamili, kama 15.88 au 19.05, ni la inchi, na hilo itabidi uliagize.

Ilikuja na koleo la theluji mbele. Nilifanyie nini huku?

Inategemea ni koleo au ni mtambo wa kurusha. Koleo pana lenye springi nyuma linafaa kusukuma murram iliyolegea, kokoto, mchanga na samadi. Halichimbi. Springi zile zimewekwa ili koleo lilale likigonga kizuizi kilichofichwa na theluji, kwa hiyo ukilikita kwenye udongo mkavu litaanguka kila mara. Ukizifunga kwa mnyororo ili lisianguke, nguvu yote inaenda kwenye fremu, na hapo ndipo fremu hupasuka, nyuma ya ekseli ya mbele. Acha koleo lielee sentimita moja juu ya ardhi, sukuma tabaka jembamba, rudia. Makali ya chini hufungwa kwa bolti na hugeuzwa; yakilika pande zote mbili, chuma bapa cha unene ule ule kutoka kwa mchomeleaji kinatosha.

Mtambo wa kurusha, wenye skrubu kubwa na bomba la juu, hauna kazi yoyote hapa. Mtu akikuambia utarusha mchanga, jua kwamba ukiingia jiwe moja, pini za kukatika zitakatika, na usipokuwa nazo itakatika giaboksi. Uuze kama chuma, lakini kwanza toa mikanda, puli na beringi.

Minyororo ya tairi iliyokuja nayo itunze. Kwenye matope ya udongo mweusi wa Kano inasaidia kiasi, ila kwenye nyasi inachimba mitaro. Na kwa kweli, udongo huo ukilowa, dawa ni kungoja ukauke.

Tairi za nyuma zinasikika zina maji ndani. Ni kawaida?

Ni uzito wa kuzuia kuteleza. Kule kwenye baridi huweka maji yenye kloridi ya kalsiamu ili yasigande, na maji hayo hula rimu yakipata mwanya. Huku hayagandi. Yamwage, suuza, ukague rimu kwa ndani. Ukitaka uzito, weka maji ya kawaida ndani ya tyubu, valvu ikiwa juu, hadi robo tatu ya tairi. Kwa kukata nyasi peke yake, usiweke: utakandamiza uwanja.

Haivuti ikipata moto. Ikiwa baridi inaenda.

Kama ni ya haidrostati, yaani inayoendeshwa kwa shinikizo la oili badala ya gia, angalia kiwango cha oili, filta yake, na yale mapezi na feni ya kupozea iliyo chini ya kiti, ambayo hujaa nyasi bila mtu kujua. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, ina maji. Usijaze oili yoyote iliyo karibu: Cub Cadet za International hutumia oili iitwayo Hy-Tran, John Deere nyingi za wakati huo hutumia ya giaboksi otomatiki. Mifumo ya pampu zake haivumilii kuchanganywa. Ikikwama uwanjani, fungua valvu ya kuachilia kabla ya kuisukuma, wala usiivute kwa gari barabarani.

Za gia ni rahisi zaidi. Zikishindwa kuvuta, karibu kila mara ni mkanda.

Mteremko upi ni mkali kupita kiasi?

Nyuzi 15. Panda na kushuka, usikate kwa kuvuka ubavu, na usigeuze katikati ya mlima. Trekta hizi hazina fremu ya kumlinda mwendeshaji ikipinduka. Kingo za mitaro zikatwe kwa slasha ya mkono.

Tunaiweka stoo miezi miwili ya kiangazi. Tuiandaeje?

Funga petroli, iache injini ijizime yenyewe, mwaga kilichobaki kwenye kikombe cha kabureta. Badilisha oili kabla ya kuiweka, kwa sababu ile chafu ina asidi. Chomoa waya hasi wa betri, au itoe kabisa uichaji mara moja kwa mwezi (betri iliyotolewa na kufungiwa ofisini pia haiibiwi). Kwangua chini ya deki mpaka chuma kionekane, pakaa oili iliyotumika. Ziba ekzosi kwa kitambaa chekundu, kirefu, kinachoonekana, ili atakayeiwasha akitoe.

Injini imekufa. Nifunge ya Kichina ya farasi 13?

Kama ni konrodi imetoboa ukuta, ndiyo. Kama ni silinda iliyolika tu, chonga ile ya zamani. Itaishi kuliko mpya. Ukiamua kubadilisha, pima mambo matatu kabla ya kulipa. Shafti: nakala za Honda GX390 zina inchi 1, Kohler nyingi za trekta hizi zina inchi 1 na moja ya nane, kwa hiyo fundi wa kukereza akutengenezee bushi yenye njia ya ufunguo. Chaji: klachi ya umeme ya visu hula ampea 4 au zaidi, na injini nyingi za bei ya chini huchaji ampea 1 hadi 3 tu. Itakuwa inakata nyasi huku betri ikiisha. Na upande wa kutoa nguvu: Cub Cadet nyingi huchukua mwendo wa magurudumu kutoka upande wa flaiwili, upande ambao nakala hizo hazina shafti kabisa. Kwa hizo, achana na wazo hilo. Wheel Horse na John Deere za mkanda hukubali, ukichimba matundu manne mapya kwenye fremu na kupanga puli ya injini ikae mstari mmoja na ya chini, kwa rula ndefu iliyonyooka, kabla ya kukaza.